Mgeni Aliyekuja na Pingu

Mke wangu aliitwa Mwanakheri. Kazaliwa Makunduchi, kaolewa Jang'ombe, na aliyemuoa ni mimi, Mjaka, hamali wa bandarini. Kafariki mwezi wa Mei mwaka huu wa sabini na tatu. Watu wa mtaani wameniambia niandike khabari zake, maana kisomo cha watu wazima kimeshanifundisha herufi na jioni sina wa kuzungumza naye. Nitaandika kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alikuwa akenda mbio. Ukifuatana naye njiani watu hudhani mnafukuzwa. Akipika mikate ya kumimina akiiuza mlangoni. Akisimulia kisa alikuwa akianza kucheka kabla hajafika mwisho, kwa hivyo visa vyake vingi mpaka leo sijui viliishaje.

Kila Ijumaa akipeleka chakula jela. Alianza baada ya Mapinduzi, mwaka wa sitini na nne. Mle ndani walikuwemo watu ambao jamaa zao wameondoka, na wengine jamaa zao wapo lakini wanaogopa kuonekana mlangoni. Mwanakheri hakuogopa kuonekana. Anajitwika sinia, anapita katikati ya njia, anamwamkia kila mtu. Nikimuuliza huyo unayempelekea kafanya nini, ananijibu hajui. Hakuwahi kuuliza mtu kafanya nini. Aliuliza kama kala.

Nilimwambia iko siku watatufunga na sisi. Akaniuliza siku hiyo nitapenda aniletee wali au mkate.

Kwenye kona ya mtaa wetu palikuwa na duka la Kazim. Kazim alikuwa na redio kubwa ya mbao na alikuwa akijua Kiingereza, basi akisikiliza London halafu akiwaeleza wateja. Wengine wakenda kununua sukari. Mwanakheri akenda kuulizia wafungwa. Alijua nani wamefungwa Afrika Kusini, nani wamekimbia Msumbiji, nani wana njaa Biafra. Ugiriki hakujua iko upande gani. Alijua tu kuwa wanajeshi wameishika nchi na watu wamejaa jela, na hilo likamtosha. Akirudi nyumbani ananipa khabari zao kama za mashemegi zake. Wale wa Biafra leo hawakula. Wale wa kisiwani kule Afrika Kusini bado wanavunjishwa mawe. Mimi nakula, narudisha tonge siniani.

Halafu kikaja chama. Kina mama wa Jang'ombe walikusanya nguo za kuwapelekea wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini kule Bara, kusini. Chama hakikuwa na jina wala kadi. Kilikuwa na gunia. Gunia lilikaa nyumbani kwetu, nyuma ya mlango, na likijaa hupelekwa bandarini kwa gari langu la mkono.

Nguo zangu zikaanza kupungua. Natafuta kikoi changu cha kazi, sikioni. Namuuliza.

"Kimekwenda Msumbiji," anasema, na mkono uko kwenye unga.

Shati langu la mikono mirefu lilikwenda Msumbiji. Koti nililopewa na baharia lilikwenda Msumbiji. Asubuhi ya Idi nikafungua sanduku nichukue kanzu, nikakuta karafuu zilizokuwa zimewekwa juu yake, kanzu haimo. Nikenda kuazima kwa jirani. Na yake imekwenda. Tulisali Idi mimi na yeye nyuma kabisa, na mashati ya kazini, tunaombea wakimbizi waliovaa kanzu zetu.

Mwaka wa sitini na nane Kazim akatoa khabari kubwa. Akasema dunia nzima imekubaliana kuwa mwaka ule ni mwaka wa haki za binadamu. Mwanakheri akamuuliza unakwisha lini. Kazim akasema Disemba, kama miaka mingine. Akamuuliza baada ya hapo itakuwaje. Kazim akasema redio haikueleza.

"Basi tufanye haraka," akasema Mwanakheri, akachukua sukari yake akaondoka.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo akaja Momade.

Alikuwa kijana wa pwani ya Msumbiji, Muislamu, na Kiswahili chake kinafahamika ukimsikiliza taratibu. Aliteremka kwenye chombo kilichotoka kusini, ana njaa. Akenda Forodhani, akala pweza mpaka akashiba, halafu akatoa sarafu alipe. Muuza pweza akaigeuza huku na huku, akaona alama ya Mreno. Mara moja Forodhani nzima ikajua kuwa jasusi kaingia. Siku zile Mreno alikuwa akipigana na watu wa Msumbiji, na sisi tuko upande wa watu. Momade naye alikuwa upande huo huo, ndiyo maana kamkimbia Mreno, lakini sarafu za kwao ndizo hizo, angetoa wapi nyengine? Askari wakamchukua. Muuza pweza akawafuata nyuma mpaka kituoni, anadai pweza wake.

Mkuu wa kituo alikuwa kijana aitwaye Abdulla, mtu wa Makunduchi vilevile. Hakuwa mbaya. Lakini mtu yule hana karatasi, hana jamaa, hana anayemjua, na mfukoni ana sarafu za adui. Akaamua kuwa chombo kilichomleta ndicho kitakachomrudisha, kikimaliza kupakia. Kurudi kule maana yake kuangukia mikononi mwa Mreno, na Momade alikuwa katoroka jela ya Mreno.

Mimi nilizisikia hizi khabari bandarini. Jioni nikamsimulia Mwanakheri kwa kuchekesha, pamoja na muuza pweza na pweza wake. Nilipofika mwisho nikaona hacheki. Nikajua nimeharibu.

Kesho yake akapeleka sinia kituoni, na wala haikuwa Ijumaa. Momade akala akiwa ndani ya vyuma na yeye kachutama nje. Akamuuliza ana nani hapa Unguja. Hana mtu. Akamuuliza akirudishwa itakuwaje.

"Mama, wakinirudisha nimekwisha," akasema Momade, akaendelea kula.

Sasa lazima nieleze kitu cha kwao Makunduchi. Kila mwaka mwezi wa Julai wana siku yao ya kukoga Mwaka, kuuaga wa zamani na kuupokea mpya. Siku hiyo kila nyumba lazima iwe na mgeni. Nyumba iliyokosa mgeni huonekana imekosa kheri ya mwaka mzima, na majirani hawaisemi waziwazi lakini wanaitazama. Mwanakheri alikuwa akenda kila mwaka kufungua nyumba ya marehemu mama yake, na mgeni wake siku zote alikuwa mimi. Mwisho kina mama wa kule wakasema mimi nimeshazoeleka, nalala kama mwenyeji, sihesabiki tena. Kwa hivyo mwaka ule hakuwa na mgeni, na Mwaka uko mlangoni.

Akajifunga buibui akenda kwa Abdulla. Mimi nilikuwa nje na gari langu, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mwanangu Abdulla, nimekuja kuazima mtu."

Abdulla akamwambia kituo hakiazimi watu.

"Siku moja tu. Mwaka umefika na sina mgeni."

"Unaye Mzee Mjaka, Bi Mwanakheri."

"Huyo nshamzoea."

Abdulla akacheka, akamwambia mtu wa Serikali si chungu, kwamba jirani anachukua anapikia anarudisha. Mwanakheri akamwambia dunia nzima imesema huu ni mwaka wa haki za binadamu, na sasa nusu imeshapita na yeye Abdulla hajatoa hata moja. Abdulla akamuuliza hayo kayapata wapi. Akasema dukani. Abdulla akamwagiza mtu amfungulie mlango atoke.

Nilidhani yameishia hapo. Ilikuwa ndiyo anaanza. Alitoka pale akapanda gari la shamba, la abiria wa vijijini, akenda moja kwa moja Makunduchi, kwa mama yake Abdulla.

Mama yake Abdulla ni Bi Mwanapili. Wakati ule alikuwa mtu mzima sana, kakonda, na sauti yake ikitoka jikoni inafika msikitini. Mwanakheri alimkuta kanuna. Mgeni aliyekuwa akimtarajia kutoka Dar es Salaam ameleta khabari kuwa haji. Mwanakheri akamwambia kuna kijana mzuri, Muislamu, katoka mbali kuliko Dar es Salaam, na hivi sasa yuko mjini nyumbani kwa Abdulla. Hakueleza nyumba gani.

Kesho yake Bi Mwanapili akafika kituoni na gari la kwanza. Alipoelewa nyumba yenyewe ndiyo ile, hakurudi nyuma. Abdulla alimpa kiti, hakukaa. Alimpa maji, hakunywa. Askari wote walikuwa wakitazama dari.

"Mgeni unaye," akamwambia. "Umemfungia ndani, na mama yako hana."

Abdulla alieleza sheria. Bi Mwanapili alimsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamuuliza kama yeye Abdulla alizaliwa na sheria. Mwisho Abdulla akasema sawa. Siku ya Mwaka atampeleka mwenyewe, na askari, na pingu, na jioni ile ile anarudi korokoroni, na chombo kikiwa tayari anapanda. Bi Mwanapili akanywa maji.

Mwanakheri akafurahi mpaka njiani akawa ananipita mimi na gari langu. Halafu ghafla akasimama. Kumbe limemjia kuwa kijana ameshakuwa mgeni wa Bi Mwanapili, na yeye bado hana.

Siku yenyewe tuliondoka asubuhi na gari la shamba. Momade alifungwa pingu na askari Hasan, mkono wa kulia wa Momade na wa kushoto wa Hasan. Hasan alikuwa kijana wa Pemba, mwembamba, kofia inamshuka mpaka kwenye nyusi. Ukimwambia chochote anajibu, "Mimi niko kazini." Mwanakheri alimpa mkate, akajibu yuko kazini, akaula.

Tulipofika Tunguu gari likazima. Dereva akaomba watu washuke wasukume. Momade na Hasan wakasukuma kwa mkono mmoja mmoja, mkuu wa kituo kwa miwili, na Mwanakheri akitoa amri. Gari likawaka ghafla likaondoka. Tukalikimbilia. Wawili wale walipaswa kukimbia kwa hatua moja, na kila mmoja ana yake. Momade akashika mlango, Hasan bado yuko chini anakimbia pembeni kama mbuzi wa kamba, anapiga kelele kuwa mfungwa asimtoroke. Momade akamvuta ndani. Nilimuona Abdulla akigeuza uso upande wa minazi. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Makunduchi ilikuwa imejaa. Kina mama wamevaa kanga mpya, wanapita wakiimba na kutupiana maneno. Tulipoteremka tu, Bi Mwanapili akaja na kina mama wenzake, akamshika Momade mkono. Mwanakheri akashika ule mwengine, ambao ulikuwa wa Hasan.

Bi Mwanapili akasema mgeni kaletwa na mwanawe, ni wake. Mwanakheri akasema aliyemuomba mwanzo ni yeye, na aliyempikia ni yeye. Bi Mwanapili akamwambia kumpikia mtu hakumfanyi kuwa mgeni, la sivyo Jang'ombe yote wanaonunua mikate ni wageni wake. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwanakheri akajibu kuwa yeye walau wanunuzi wake wanarudi. Wakapiga tena. Mtu mmoja akatoa shauri kwamba huyu achukue Momade na yule achukue Hasan. Ikaonekana ni haki. Wakawavuta, huyu huku, huyu kule, pingu ikakaza, wakarudi katikati wakagongana vichwa.

"Mimi niko kazini," akasema Hasan.

Wakakubaliana watakula kwanza nyumba moja, halafu ya pili. Kuhusu ipi iwe ya kwanza hawakukubaliana, na walikuwa bado kwenye hilo wakati vijana walipoanza kupigana uwanjani.

Ndiyo ada yao. Vijana wa upande mmoja na wa upande wa pili wanapigana kwa mapande ya migomba, kwa nguvu kweli, na kila kinyongo cha mwaka mzima kinatoka hapo. Momade aliwatazama wanavyopigana migongoni. Akamuuliza Hasan hawa wana ugomvi gani.

"Wanapendana," akasema Hasan. Alikuwa ameshaelezwa.

Momade akawatazama tena.

Baadaye kikawa tayari kibanda cha makuti kilichojengwa uwanjani. Mzee Machano, ambaye kazi hiyo ni yake, akaingia ndani. Wakakitia moto. Anayeingia hutoka mbio upande wa nyuma akakimbilia kichakani, na watu wakafurahi kuwa mwaka wa zamani umeungua na hapana aliyeumia. Kila mtoto wa Makunduchi anajua. Mimi nilijua. Hasan aliambiwa. Momade hakuambiwa na mtu. Sote tulishughulika kugombania ni mgeni wa nani, hata mmoja hakumwambia mgeni kuna nini.

Aliona mzee kaingia. Aliona moto. Aliona watu wamesimama wanashangilia.

Akakimbia. Na Hasan akakimbia, si kwa kutaka kwake. Kofia yake ilibaki hewani pale alipokuwa kasimama, ndipo ikaanguka.

Waliingia mbele wakati Mzee Machano anatokea nyuma. Momade akamdaka mguu. Mzee Machano alidhani kashikwa na shetani, akapiga teke, likampata Hasan. Nguzo ikaachia. Kibanda chote kikawashukia, na watu wa Makunduchi wakakiona kibanda kinaondoka. Kina miguu sita. Kilikwenda hivyo mpaka karibu na kina mama, kina mama wakatawanyika, makuti yakaanguka, wakaonekana watu watatu wameshikana, weusi kwa masizi. Momade akamlaza Mzee Machano mchangani, akawa anampiga ndevu kwa kiganja kuzima moto. Ndevu haziungui.

"Niachie nikimbie, bwana," akasema Mzee Machano. "N'nachelewa."

Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile. Wale waliokuwa wakipigana walianguka na mapande yao ya migomba mkononi. Bi Mwanapili alimshika Mwanakheri asianguke, wakaanguka pamoja. Mzee Machano akainuka, akakung'uta kikoi, akakimbilia kichakani kama inavyotakiwa, na watu wakamshangilia mara mbili. Hasan alikuwa akijipapasa uso. Nyusi moja haipo.

Momade hakucheka. Alikaa pale pale chini, anatazama kile kichaka. Abdulla akachutama mbele yake, machozi ya kicheko bado yako mashavuni. Akamuuliza alidhani nini.

"Mzee katoka," akasema Momade. "Kwetu hawatoki."

Waliokuwa karibu waliacha kucheka kwanza, halafu na waliokuwa mbali. Akaeleza kwa maneno machache. Askari wa Mreno walikuja kijijini kwao, wakaziba mlango wa nyumba, wakatia moto. Yeye alikuwa nje, kashikwa mikono. Hakuweza kukimbilia ndani. Hayo tu ndiyo aliyoyasema, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Abdulla alikaa vile vile kachutama. Bi Mwanapili akaja, mchanga umejaa kangani.

"Abdulla, mfungue mgeni wangu."

"Wangu," akasema Mwanakheri, lakini kwa sauti ndogo.

Abdulla akainuka. Akasema chombo kitaondoka bila ya kijana huyu. Mwanakheri akamwambia aseme tena, huko nyuma hawakusikia. Akasema tena, kwa sauti, kama anaita paredi. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakakata kamba. Halafu Abdulla akatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa pingu. Akatia mfuko wa pili. Akatia wa nyuma. Ufunguo ulikuwa mjini, kwenye suruali nyengine.

Mhunzi akajitolea kuleta tupa. Hasan akakataa, akasema pingu ni mali ya Serikali. Basi wakenda kula vile vile wamefungwa. Bi Mwanapili ndiye aliyepewa kuwa wa kwanza, kwa umri wake. Alitandika mkeka, akaleta sinia la wali na mchuzi wa pweza. Hapo tukaona tabu nyengine. Momade anakula kwa mkono wake wa kulia, na wa kushoto wa Hasan umefungwa hapo hapo. Kila tonge likichotwa, mkono wa kushoto wa Hasan unaingia siniani nao, na likipelekwa mdomoni mkono unafuata mpaka mdomoni. Wazee waliokuwa mkekani wakaanza kujikohoza. Hasan akafumba macho kwa haya. Mwanakheri akasema yatosha, akakaa karibu na Momade, akawa anamlisha matonge kwa mkono wake mwenyewe kama mtoto, na Hasan akala wake kwa amani. Kwa hivyo Momade alikuwa kwenye nyumba ya Bi Mwanapili, analishwa na Mwanakheri. Kila mmoja akahesabu kuwa kashinda. Halafu tukenda kwetu tukala tena. Kurudi mjini, gari lilipopanda kilima, Hasan akaomba lisitikiswe.

Abdulla alitaka mtu wa mjini wa kumdhamini Momade, mwenye nyumba yake. Akanitazama mimi. Nikasema naam. Sikuwa na jengine la kusema, Mwanakheri alikuwa kanikanyaga mguu.

Kesho yake nilikuwa bandarini. Chombo kilitweka tanga kikaondoka. Momade alikuwa upande wangu, kashika gari langu, kavaa shati langu la mwisho. Alikitazama mpaka kikawa kidogo. Halafu akaniuliza mzigo unaofuata uko wapi.

Alikaa kwetu mpaka mwaka wa sabini. Muuza pweza alilipwa kwa mikate ya kumimina, wiki nzima, akasema mgeni akija mwengine aletwe kwake. Momade alivuta gari pamoja nami, na jioni akilishindilia gunia la nguo, maana alikuwa na nguvu kuliko kina mama. Mwisho akenda Bara kufanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi, kwa watu wake. Alikwenda na magunia. Nilimfunga mzigo kwa mikono yangu na nikahakikisha kuwa suruali niliyovaa bado nimeivaa.

Mwanakheri hakuacha. Kila mwezi wa Julai alikuwa akenda kituoni kuuliza nani yumo ndani na hana jamaa. Abdulla akimuona tu anasema mwaka huu hana mtu. Mwanakheri anamwambia atafute. Mwaka mmoja alipata kijana wa Afrika Kusini aliyepotelewa na karatasi zake, akawafundisha kina mama wimbo ambao hakuna aliyejua maana yake, wakauimba kwa nguvu zote. Mwaka mwengine alipata baharia Mgiriki. Kaikataa meli yake kwa sababu inarudi kwao, na kwao wanajeshi. Mwanakheri alimtazama huyu kwa furaha kubwa, akaniita kwa jina la binti yetu: Baba Shemsa, unaona, Ugiriki ipo kweli. Mgiriki alicheza uwanjani mpaka viatu vikamtoka. Viatu, ukitaka kujua, vilikwenda Msumbiji.

Wote wale aliwasemea mpaka wakapata pa kwenda. Hakujua kusoma. Alijua kukaa kwenye benchi la kituo na kutoondoka.

Mwezi wa Mei mwaka huu akaumwa siku chache. Aliniuliza kama gunia limejaa. Nikamwambia bado kidogo. Baada ya kumzika binti yetu Shemsa alikuja kutoka Pemba, tukafungua sanduku la kanga zake tuzigawe. Zilikuwa mbili. Nyengine mimi na Shemsa hatukuulizana zimekwenda wapi. Shemsa ndiye aliyeanza kucheka, halafu mimi. Watu waliokuwa matangani walitushangaa.

Julai ikafika. Nyumba ya Makunduchi ilikuwa imefungwa, na mwenye kuifungua hayupo. Nilikaa na hilo. Asubuhi ya Mwaka nikavaa, nikenda kituoni. Abdulla amehamishwa. Nyuma ya meza alikuwa Hasan, sasa ni sajenti, amenenepa. Nyusi ilishaota, ila imeota juu kidogo kuliko mwenzake, kwa hivyo uso wake siku zote una mshangao.

Akanipa shikamoo. Nikamwambia marahaba. Akaniuliza nimeibiwa nini.

"Sijaibiwa," nikasema. "N'nataka mgeni."

Hasan aliinuka. Akenda kuchungulia korokoroni, nikamsikia akifungua na kufunga. Akarudi akasema hamna mtu.

"Hata mlevi?"

"Hata mlevi, Mzee Mjaka."

Nikakaa kwenye benchi, pale pale alipokuwa akikaa Mwanakheri. Hasan akatazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi. Akaandika kitu, akakiwacha.

"Basi itakuwa wewe," nikamwambia.

"Mimi niko kazini," akasema Hasan, na mkono ulikuwa umeshachukua kofia.